Saa Mbili ya Nani?

Bi Dili wa Randburg: sehemu ya kumi na moja

Tulimwacha Dilys Garraway kitini katikati ya jukwaa, skafu nyeusi mkononi, kidevu kimeangukia kifuani, na watu mia tatu wameshika pumzi.

Mama mmoja wa Midrand kanitumia ujumbe: nikimuua bibi huyu, gazeti ataanza kufungia maandazi kabla hajalisoma. Mama, weka maandazi chini. Hajafa.

Pazia lilishuka kwa kishindo. Wa kwanza kumfikia alikuwa Hyasinta, yule Mtanzania anayemvalisha nguo za jukwaani.

"Bi Dili! Bi Dili, nisikie!"

Akampigapiga mashavuni.

"Anapumua?" Tumu, mwongozaji wa onyesho, alikuja mbio, viatu mkononi. Mwanamke mfupi wa Soweto, sauti ya tarumbeta.

"Anapumua. Ila hafungui macho."

"Eish! Mbebeni ndani! Upesi, kabla hawajaanza kupiga picha!"

Wakambeba.

Kama wewe umeanza kusoma leo, shika pumzi nikueleze mara moja. Dilys Garraway alizaliwa kijiji cha wachimba makaa huko Wales. Akiwa na miaka kumi na sita aliuza aiskrimu ndani ya ukumbi mmoja wa London. Siku mwigizaji mkuu aliposhikwa na tumbo la kuhara, Dilys akavishwa gauni la mgonjwa na kusukumwa jukwaani. Hakushuka tena. Amekuwa malkia mara sita. Kwenye sinema amekufa mara kumi na tisa: kwa sumu, kwa risasi, kwa kifua kikuu, na mara moja kwa nyuki.

Mwaka 1976 akafanya kosa. Wenzake wa London walikuwa wamegoma kuja Afrika Kusini, kwa kuwa kumbi zilikuwa za Wazungu watupu. Watoto wa Soweto walikuwa wamepigwa risasi miezi michache tu nyuma. Dilys akaja. Akaigiza, akapigiwa makofi, akapewa maua. Aliporudi kwao hakuna aliyemfungulia mlango, si wa ukumbi wala wa sinema. Akarejea huku huku, na tangu hapo anaishi fleti ya Randburg, sauti yake ikiuza majani ya chai redioni.

Sasa ana miaka sabini na tisa na onyesho moja la mwisho. Yuko peke yake jukwaani, anasimulia maisha yake. Dakika tano za mwisho anatoa skafu sandukuni na kuomba msamaha kwa safari ile. Msamaha huo hajapata kuutamka mbele ya watu. Jumamosi hii ya Agosti 2017, siku ya ufunguzi, skafu ilitoka.

Msamaha haukutoka.

Haya, achia pumzi. Tuko chumba cha kuvalia.

* * *

Walimlaza kwenye kochi. Dirishani zilisikika honi za teksi za jijini, na kanisa la ghorofa ya pili jirani lilikuwa limepamba moto kwa ngoma. Mtu wa huduma ya kwanza akamshika mkono, akahesabu mapigo, akainua kope.

"Moyo uko sawa," akasema. "Lakini amelala usingizi mzito. Kama mtu aliyemeza kitu."

Tumu aligeuka kama kaumwa na siafu. Mezani, kati ya poda na mawigi, kilikuwepo kisanduku cha plastiki chenye vyumba saba vya vidonge, kimoja kwa kila siku. Akakifungua. Ijumaa, tupu. Jumapili, kidonge kimo.

Jumamosi, tupu.

"Hiki ni kidonge cha usingizi!" Tumu alipaza sauti. "Cha kulalia usiku! Jua bado liko nje! Nani kampa?"

"Ni miye."

Sauti ilitoka nyuma ya mawigi. Alikuwa Jocelyne, Mkongomani wa Bukavu. Mchana wa siku za kazi anasuka nywele mjini; jioni na mwishoni mwa wiki anamhudumia Dilys. Hii ilikuwa wiki yake ya pili tu. Kasimama na kitana mkononi, uso unang'aa.

"Nilimupatia miye mwenyewe," akasema. "Na maji ya moto kidogo."

Nimewahi kuona wakosaji wanakana hata jina walilobatizwa. Huyu alikiri kama anayesubiri zawadi.

Akarudia kwa Kiingereza ili Tumu amwelewe. Kiingereza chao nakiweka Kiswahili, maana Kiingereza mnakisikia bure mtaani.

"Wewe," Tumu alisema polepole. "Wewe uliyegombana naye Alhamisi."

"Aligombana yeye. Miye nilipigwa na wigi."

Ni kweli. Alhamisi Dilys alimrushia wigi usoni na kumwita kinyozi wa mbuzi. Jocelyne akaliokota, akalipangusa, akasema kwa Kiswahili chake, "Siku moya utanyamaza, madame. Siku moya." Tumu akauliza kasema nini. Na nani akamtafsiria, huku akicheka mpaka machozi? Hyasinta.

Mdomo ni nyumba ya maneno, lakini hauna komeo. Sasa Hyasinta hakuwa anacheka.

"Siku moja utanyamaza," Tumu alirudia. "Na leo kanyamaza. Mbele ya watu mia tatu."

"Ilikuwa hasira tu, Tumu," Hyasinta aliingilia. "Maneno ya jikoni."

"Kuna waandishi wawili wa habari pale ngazini. Wataniuliza swali moja: bibi huyu kaishiwa akili, au kuna mtu kamlisha dawa? Nikisema kaishiwa, wenye ukumbi wanafunga pazia, na kesho hapandi. Nikisema kalishwa..." Akatoa simu mfukoni. "Naita polisi."

Ndiyo njia panda yenyewe hiyo. Apone Dilys, aangamie Jocelyne. Apone Jocelyne, Dilys afe na msamaha wake kooni.

Jocelyne aliisikia ile *polisi* na kitana kikamponyoka. Karatasi yake ya ukimbizi ilikuwa inaisha Septemba. Ukienda kuiongeza huku jina lako liko kituoni, hujui utatokea mlango gani.

"Yaya," alimnong'oneza Hyasinta. "Yaya, waambie basi. Unaniona vile niko."

Siku ya kwanza alipomwita yaya, Hyasinta alinuna kutwa nzima. Kwao Songea yaya ni msichana wa kulea watoto. Ilibidi aelezwe kwamba Bukavu ni dada mkubwa, tena kwa heshima. Leo neno hilo lilimchoma kwa namna nyingine.

Na pale kochini kope la kushoto la Dilys lilicheza. Kidogo tu. Hakuna aliyeliona ila mimi na nyinyi.

* * *

"Ulimpa saa ngapi?" Tumu aliuliza, kidole kwenye simu.

"Saa ile niliambiwa. Haikupita hata dakika."

"Uliambiwa na nani?"

Jocelyne hakunyoosha kidole. Alichongoa midomo tu, ikaelekea kwa Hyasinta.

"Mimi?" Hyasinta alishika kifua.

"Njo weye, yaya, weye mwenyewe. Jana, kwa simu. Ulisema: kesho mimi niko kwa harusi, nitakuja moja kwa moja ku ukumbi. Kidonge, kimoya tu, saa mbili, usisahau. Nikaandika na ku mukono." Akafungua kiganja. Wino ulikuwa umefifia, lakini ulisomeka: *2h*, saa mbili kwa mwandiko wa Kifaransa.

"Nilisema saa mbili!"

"Njo nilimupa saa mbili!"

"Saa mbili usiku, Jocelyne!"

"Haukusema bushiku! Na ile saa mbili ya bushiku madame iko analala tayari. Nimuamushe juu ya kumupa dawa ya kulala?"

Hoja hiyo haikuwa na tundu.

"Mnagombana nini?" Tumu alipiga meza. "Semeni lugha ya watu!"

Hyasinta alikuwa anaitazama saa ya ukutani. Polepole, kama mtu aliyeona nyoka chini ya kiti, akauliza:

"Jocelyne. Hapo ukutani ni saa ngapi?"

"Saa ine na dakika kumi."

Hyasinta akaketi. Hakuwa ameangalia kama kuna kiti. Kwa bahati kilikuwepo.

"Kwetu," alisema, "hapo ni saa kumi na dakika kumi."

"Saa kumi? Kumi imetoka wapi?"

"Jua likichomoza sisi tunaanza kuhesabu. Moja, mbili, tatu. Saa mbili yetu ni ya chai ya asubuhi, na nyingine ni ya baada ya chakula cha usiku. Nyie mnafuata saa ya Mbelgiji."

"Na nyinyi munafuata saa ya nani? Ya jogoo?"

"Ya jogoo. Jogoo hajawahi kuishiwa betri."

Hakuna Mtanzania wa Johannesburg ambaye hajakosa harusi ya Mkongomani kwa ajili hii. Hyasinta mwenyewe mwaka juzi alifika saa mbili yake, akakuta maharusi wamekwenda zao, na mama mkwe anafagia wali sakafuni. Alijua. Alijua vizuri sana! Lakini jana alikuwa na haraka, kanga moja begani, nyingine inatafutwa, simu imebanwa na shavu. Akasema saa mbili akakata.

Akamweleza Tumu kwa Kiingereza. Tumu alisikiliza mpaka mwisho, mdomo wazi.

"Mnaongea lugha moja."

"Moja."

"Na hamjui ni saa ngapi."

"Lugha moja, saa mbili," alisema Hyasinta, akaona aibu kwa kuwa lilitoka kama mzaha.

"Wewe ulidhani ni dawa ya nini?" Tumu alimgeukia Jocelyne.

"Ya moyo. Ili asiogope watu. Hata miye nilisema, maskini, inamupasa."

Mtu wa huduma ya kwanza alikohoa kuficha kicheko, akaona afadhali aende kuangalia kama ambulensi inahitajika. Haikuhitajika. Hakurudi.

* * *

Tumu aliweka simu chini. Hyasinta akapumua. Jocelyne akapiga ishara ya msalaba.

Mmefurahi? Na mimi nilifurahi. Tulikosea.

Tumu alivuta karatasi kwenye meza ya vipodozi na kuanza kuandika.

"Hakuna polisi," alisema. "Na hakuna uzee. Safi. Nawaambia waandishi: mhudumu alikosea saa ya dawa, Bi Garraway ni mzima, kesho anapanda. Onyesho limepona." Akaisukuma karatasi. "Jocelyne, weka jina na saini hapa. Nakala itakwenda ofisi ya wahudumu iliyokuleta."

"Na wao watafanya nini?" Hyasinta aliuliza.

"Watamfuta kwenye orodha. Mtu aliyempa mzee dawa ya usingizi kabla ya kazi? Hatagusa mzee mwingine mji huu."

"Basi niandike mimi. Kosa la saa ni langu."

"Wewe umemvalisha miaka kumi na moja. Nikikuondoa, kesho anapanda na kanzu ya kulalia. Huyu ana wiki mbili."

"Sasa ndiyo haki hiyo?"

"Mama, sikusema ni haki. Nimesema ni Jumamosi, na wale watu wako ngazini."

Hyasinta alisimama, mikono kiunoni, tayari kwa vita. Lakini Jocelyne alikuwa keshachukua kalamu.

"Yaya, acha. Miye nimezoea kusaini. Tangu mupaka wa Zambia niko nasaini tu. Kila mahali kuna karatasi, kila karatasi inasema ni miye." Akavuta kamasi. "Ila waambie wasiandike nilimutakia mubaya. Hiyo tu. Ile wigi nilishaisamehe."

Kalamu ikagusa karatasi. Herufi ya kwanza ikatoka.

"Usitie saini."

Wote watatu waliruka. Jocelyne alipiga yowe, akaegemea mawigi, matatu yakamwangukia kichwani.

Dilys Garraway alikuwa ameketi. Wima kama msumari. Macho makavu, meupe, hayana hata chembe ya usingizi. Akaingiza vidole kwenye mkono wa gauni, akatoa leso iliyokunjwa mara nne, akaikunjua mapajani.

Katikati ya leso kulikuwa na kidonge. Kimelainika pembeni, lakini kizima.

"Sikukimeza," alisema. "Alipogeuka kuchukua wigi, nilikitema. Mwigizaji hamezi kidonge cha kulalia kabla ya kupanda. Hata akipewa kwa maji ya moto kidogo."

Kanisa la jirani likamaliza wimbo.

"Kama hukumeza," Tumu alisema, "ulilalaje?"

"Kwa kufumba macho, mpenzi. Nimekufa mara kumi na tisa. Kulala si kitu."

"Ndiyo maana kope lilikuwa linacheza!" Hyasinta aligutuka. "Nilidhani macho yangu."

Kumbe na yeye aliliona. Basi tulikuwa wengi.

"La kushoto," Dilys alikiri. "Limenisaliti tangu ujana. Waongozaji wote walinilaza ubavu wa kushoto."

Hakuna aliyecheka. Hyasinta alimsogelea mpaka magoti yao yakagusana.

"Bi Dili. Ulikuwa umelala hapa, macho umefumba, unasikia kila neno. Umesikia polisi. Umesikia huyu binti anafutwa kazi. Na ukanyamaza?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Bibi alitazama mikono yake.

"Nilinyamaza mwaka 1976 pia. Ukiigiza jambo muda mrefu, mwili unalifanya wenyewe."

Akanyoosha mkono, akachukua ile karatasi ya Tumu. Akaikata herufi ya Jocelyne kwa mstari mmoja. Chini yake akaandika kwa mwandiko mkubwa wa watu wa kusaini picha: *Sikulala. Sikunywa dawa yoyote. Niliogopa. Dilys Garraway.*

"Wape hiyo," alimwambia Tumu.

"Nikiwasomea hii, kesho ukumbi utajaa watu wa kukucheka."

"Watajaa, basi."

Jocelyne alikuwa bado ana wigi la malkia kichwani, limekaa upande. Akalivua taratibu, akalitengeneza nywele, akaliweka mahali pake. Halafu akamshika Dilys mkono. Dilys hakuuvuta.

* * *

"Uliogopa nini?" Tumu aliuliza. "Mazoezi yote umesema vizuri. Kila siku."

"Mazoezini kile kiti kilikuwa kitupu."

"Kiti gani?"

"Safu ya tatu, cha pembeni. Leo kulikuwa na mwanamume. Nilipoitoa skafu sandukuni, alisimama. Peke yake, watu wote wameketi. Akashika shingo yake. Hivi." Akaweka kiganja kooni, pale mtu anapofunga skafu.

Hyasinta aligeuka ghafla. Safu ya tatu, cha pembeni. Tikiti hiyo aliitoa yeye, kwa mkono wake.

Dilys hakumwona. Alikuwa mbali.

"Oktoba 1976, London, mvua. Natoka mlango wa nyuma wa ukumbi. Kijana mmoja wa Kiafrika amesimama na bango, kalowa chepe. Wenzake wamekwenda, yeye kabaki. Akaniambia watoto waliouawa ni wa mtaa wa mama yake. Aliwataja majina. Nikamwambia, 'Nakupa neno langu. Siendi.' Akavua skafu yake akanivisha. 'Hii ni amana,' akasema. 'Usipokwenda, utanirudishia tukionana.' Akaenda kuwaambia wenzake kwamba Dilys Garraway katoa neno."

"Na?"

"Mwezi uliofuata nilishuka uwanja wa ndege wa Johannesburg nayo shingoni." Akaitazama skafu. "Wala haikuwa baridi. Niliipenda tu."

Skafu ilikuwa pale mezani. Hyasinta ameifua kwa mikono mara nyingi asijue hesabu. Anaijua: nyeusi tupu, isipokuwa mstari mmoja wa kijani mwishoni, mahali uzi mweusi ulipomwishia mfumaji.

Na mstari huo aliusikia kabla hajauona. Aliusikia Morogoro, mwaka waliooana. Mumewe Thabo, mkimbizi wa Kisauzi, hakuwa mtu wa kulia. Kitu kimoja tu kilimtoa machozi: skafu aliyofumiwa na mama yake, uzi ukamwishia, akaazima wa kijani kwa jirani. Mama alikufa Thabo akiwa uhamishoni. Skafu iko wapi? "Nilimwachia mtu Uingereza," alikuwa akisema, na mazungumzo yanaishia hapo. Skafu ya Uingereza na skafu ya kazini, Hyasinta hakuwahi kuziunganisha mpaka leo.

Miaka kumi na moja Hyasinta anarudi nyumbani na habari za kazini. Bi Dili kasema hivi, Bi Dili kachukia vile. Kamwe hakusema Dilys Garraway. Jina lenyewe lilimshinda ulimi, akalifupisha. Na Thabo alicheka: "Bibi wa Kizungu anaitwa Dili? Basi ana mipango mingi huyo!"

Mipango, naam. Wasomaji, jina la utani ni pazia pia.

Mlango ukagongwa.

Mara mbili, kwa kituo, kama mtu aliyefikiria kila pigo.

"Ni waandishi," Tumu alisema. "Msifungue."

Lakini Jocelyne ndiye aliyekuwa karibu na kitasa, na Mkongomani aliyelelewa vizuri hamwachi mgeni mlangoni. Akafungua.

Thabo alikuwa amesimama, kofia mkononi, mvi zimechanwa vizuri, suti ile ya kanisani. Alimtazama mkewe mara moja, akamwondolea macho.

"Baba Onesmo," Hyasinta alisema. "Sikujua. Haki ya Mungu, sikujua."

"Najua hukujua, mama. Hata mimi nimelijua jina mlangoni, kwenye bango." Akamgeukia Dilys, akabadili lugha. "Nimefuata amana yangu."

Dilys akasimama. Hakuna aliyemshika. Akaichukua skafu kwa mikono miwili na kumpelekea, kama mtu anayebeba mtoto aliyelala. Thabo akaipokea upande wake. Akatafuta ncha kwa kidole gumba. Mstari wa kijani ulikuwepo.

Kidole kikasimama hapo.

"Nilikuwa..." Dilys alianza.

"Hapana," Thabo alisema.

Akairudisha. Akaiweka mwenyewe mikononi mwake, akamfumba vidole juu yake.

"Si hapa. Si kwenye chumba cha mawigi, mbele ya wanawake watatu. Mimi ulinipa neno tukiwa wawili tu, ukalivunja mbele ya kumbi zilizojaa. Wenzangu walinicheka mwaka mzima. Utalirudisha mbele ya ukumbi uliojaa. Kesho. Nitakaa kiti kile kile."

"Na nikishindwa?"

"Nitapanda nizungumze mimi. Nataja jina lako na majina ya wale watoto. Na mimi si mwigizaji, Bi Garraway. Sijui kufumba macho."

Akavaa kofia. "Saa tisa," alimwambia Hyasinta kwa Kiswahili. "Umweleze asichelewe."

Jocelyne akainua mkono kama mwanafunzi.

"Muzee, pardon. Saa tisa ya nani?"

Thabo alimtazama. Miaka kumi na tatu Morogoro haimtoki mtu.

"Ya jogoo," akasema, akafunga mlango.

Nyayo zake zilipungua ngazini. Tumu akachukua ile karatasi ya Dilys, akaikunja, akaenda kukutana na waandishi. Jocelyne akaanza kuokota kitana na mawigi. Hyasinta akabaki kamshika bibi kiwiko, asijue amshike vizuri au amwachie.

"Haya, Bi Dili," alisema mwishowe. Sauti ilikuwa ngumu. "Sema sasa, nisikilize. Kesho hakuna mzaha. Anza pale unapotoa skafu."

Dilys akajinyoosha. Akaikunjua skafu mbele yake kama anavyoikunjua jukwaani. Akavuta pumzi, akafungua mdomo.

Neno halikutoka.

Akajaribu tena. Akatazama mstari wa kijani, akatazama dari, akamtazama Jocelyne kana kwamba ndiyo kwanza wanakutana.

"Sinta," alisema kwa sauti ndogo ambayo Hyasinta hakuwahi kuisikia jukwaani wala nyumbani. "Inaanzaje?"

"Usinichezee, Bi Dili. Si leo."

"Inaanzaje, Sinta? Na yule bwana aliyetoka, alikuwa nani?"

Hyasinta akamwinamia usoni, akalitafuta kope la kushoto. Akalisubiri.

Safari hii halikucheza.